Wanasesere Mbele ya Kamera: Je, Uigaji wa Picha Mashuhuri ni Mchezo Tu?

Utangulizi

Wanaume 11 wameketi kwa safu juu ya boriti ya chuma, miguu yao ikining'inia hewani, na chini yao mji wa New York umetandazwa kama jamvi. Mmoja anamwashia mwenzake sigara. Wengine wanakula chakula cha mchana kana kwamba wako barazani pao. Picha hiyo ilipigwa tarehe 20 Septemba 1932 katika ghorofa ya 69 ya jengo la RCA lililokuwa likijengwa katika Rockefeller Center, na ni mojawapo ya picha zinazofahamika zaidi duniani. Miongo kadhaa baadaye, Mwingereza Mike Stimpson aliipanga upya kwa vitu vya kuchezea watoto. Boriti ikawa kipande cha plastiki, na wajenzi wakawa vijisanamu vya LEGO ambavyo kimo chake ni kama sentimita 4. Kisha akaipiga picha kazi yake, na watazamaji wakaitambua papo hapo.

Stimpson hakuishia hapo. Aliiga pia picha ya Henri Cartier-Bresson ya mwanamume anayeruka dimbwi la maji nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare mjini Paris (1932), picha ya wanajeshi wa Marekani wakitweka bendera katika kisiwa cha Iwo Jima (1945), na ile ya mtu aliyesimama peke yake mbele ya vifaru mjini Beijing (1989). Wala si yeye pekee. Mmarekani David Levinthal amekuwa akipiga picha za wanajeshi wa kuchezea tangu miaka ya 1970, na Waswisi Jojakim Cortis na Adrian Sonderegger wamekuwa wakijenga upya picha mashuhuri kwa vielelezo vidogo tangu mwaka wa 2012.

Kazi kama hizi hupokelewa kwa namna mbili. Wapo wanaozichekea na kuzipita, wakizichukulia kuwa burudani ya watu wazima waliokataa kuacha vitu vya utotoni. Wapo pia wanaozikasirikia, wakisema kwamba historia ya binadamu, hasa historia ya damu na machozi, haifai kufanyiwa mzaha kwa plastiki. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zinakosea kwa kuwa zinaihukumu zana badala ya kuihukumu kazi. Swali linalostahili kuulizwa na mhakiki ni moja: je, mwigaji ameisogeza kamera, au ameiacha palepale ilipotegwa na mpigapicha wa kwanza? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama uigaji huo ni sanaa, ni zoezi, au ni dhihaka.

Uigaji kama Zoezi

Mwanafunzi wa fasihi hana sababu ya kuushangaa uigaji. Tangu enzi za Plato na Aristotle, mjadala kuhusu sanaa umekuwa kwa kiasi kikubwa mjadala kuhusu mwigo. Plato aliushuku kwa sababu aliona unamweka mtu mbali na ukweli. Aristotle aliutetea kwa hoja kwamba binadamu hujifunza kwa kuiga tangu utotoni, na kwamba hupata raha kutambua kilichoigwa. Raha hiyo ya kutambua ndiyo inayomfanya mtazamaji atabasamu anapowaona wajenzi wa plastiki juu ya boriti. Anaiona picha mbili kwa wakati mmoja: iliyo mbele ya macho yake na iliyo kumbukumbuni mwake. Katika uhakiki wa fasihi, hali hiyo huitwa mwingilianomatini.

Aidha, uigaji ni shule. Mshairi chipukizi hufuata kwanza vina na mizani vya waliomtangulia kabla ya kupata sauti yake. Vivyo hivyo, anayetaka kuijenga upya picha ya Cartier-Bresson hulazimika kuichunguza kwa namna ambayo mtazamaji wa kawaida haichunguzi. Nuru inatoka upande gani? Kivuli kinaangukia wapi? Kisigino cha mrukaji kiko umbali gani na maji? Mpigapicha wa asili alilinasa tukio hilo kwa kufumba na kufumbua. Mwigaji hana bahati hiyo. Kijisanamu chake hakiruki. Sharti akitafutie namna ya kukaa hewani, apange taa zake, apige, atazame, arekebishe, apige tena. Kilichotokea kwa nukta moja hujengwa upya kwa subira, na subira hiyo humfundisha mwigaji kwamba kila sehemu ya picha ina kazi yake.

Zana yenyewe pia hufundisha kwa upungufu wake. Kijisanamu cha LEGO kilipata umbo lake tunalolijua mwaka wa 1978. Miguu yake hukunjika nyongani tu, mikono yake huzunguka begani na kwenye kiganja, na hakina kiwiko wala goti. Sasa itazame picha ya Iwo Jima iliyopigwa na Joe Rosenthal tarehe 23 Februari 1945. Nguvu ya picha hiyo imo katika magoti yaliyokunjwa, migongo iliyoinama na mikono inayounyoshea mlingoti unaopaa. Mwigaji anapojaribu kuiunda kwa watu wasio na magoti, anagundua kwa vidole vyake kile ambacho mhakiki angekieleza kwa kurasa nyingi: kwamba picha hiyo imesimamia goti. Vipande vya plastiki vinapata mlalo wa mlingoti, lakini jitihada ya mwili haipatikani.

Katika ngazi hii, basi, uigaji usiosogeza kamera hauna ubaya. Ni zoezi, na zoezi lina heshima yake. Hata hivyo, zoezi halipaswi kudai kuwa zaidi ya lilivyo. Mwanafunzi aliyenakili shairi la mwalimu wake kwa hati nzuri hajatunga shairi.

Picha Iliyopangwa Kabla ya Kupangwa Upya

Faida kubwa zaidi ya wanasesere hujitokeza pale wanapomfanya mtazamaji aishuku picha ya asili. Jamii nyingi zimezoea kuiamini kamera kuliko zinavyouamini ulimi. Husemwa kwamba picha haidanganyi. Historia ya picha mashuhuri inaonyesha vinginevyo.

Wale wajenzi 11 wa New York hawakukutwa na mpigapicha wakila kwa bahati. Picha yao ilipangwa ili kulitangaza jengo jipya, na siku hiyohiyo zilipigwa nyingine zikiwaonyesha wafanyakazi wakijifanya wamelala juu ya boriti. Walikuwa wajenzi wa kweli na boriti ilikuwa ya kweli. Lakini tukio lilikuwa la maonyesho. Picha ya bendera ya Usovieti ikipeperushwa juu ya jengo la Reichstag mjini Berlin, iliyopigwa na Yevgeny Khaldei tarehe 2 Mei 1945, nayo ilipangwa. Bendera yenyewe Khaldei aliibeba kutoka Moscow, ikiwa imeshonwa kwa vitambaa vyekundu vya meza. Kabla ya picha kuchapishwa, moshi uliongezwa angani, na saa moja ikafutwa kwenye mkono wa mwanajeshi mmoja aliyeonekana kuvaa mbili, kwa kuwa saa mbili zingeashiria uporaji. Tangu mwaka wa 1855, Roger Fenton alipopiga picha za bonde lililotapakaa risasi za mizinga ya vita vya Krimea, kumekuwa na picha zake mbili za mahali pamoja: moja ina risasi za mizinga barabarani, nyingine barabara ni tupu. Wachunguzi wamejadiliana kwa muda mrefu ni ipi iliyotangulia na ni nani aliyezisogeza risasi hizo.

Ni katika muktadha huu ambapo kazi ya Cortis na Sonderegger inapata uzito. Walianza mradi wao kama mzaha, katika nafasi waliyoipata kati ya kazi za kulipwa, kwa kuiga picha ya mto Rhein ya Andreas Gursky ambayo mwaka wa 2011 ilikuwa imeuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4 za Marekani. Baadaye walijenga ndege ya Hindenburg ikiteketea (1937), unyayo wa mwanaanga juu ya mwezi (1969), mnyama wa kubuniwa wa ziwa la Loch Ness, na mtu wa Beijing mbele ya vifaru. Vifaa vyao ni kadibodi, mchanga, gundi na pamba inayosimamia moshi. Lakini wanapomaliza, hawapigi picha inayofanana na ya asili. Wanarudi nyuma hatua chache na kuonyesha kila kitu: katikati tukio linaloaminika kabisa, na pembeni yake taa, mikasi, chupa za gundi na kingo za meza.

Hatua hizo chache za kurudi nyuma ndizo sanaa yenyewe. Mtazamaji anapouona moto wa Hindenburg ukiwa pamba, hakomi kuamini kwamba ndege hiyo iliteketea. Anachokoma kuamini ni kwamba picha ilijipiga yenyewe. Anaanza kuuliza juu ya kingo: ni nini kilichoachwa nje ya picha ya kwanza? Nani alikuwa amesimama nyuma ya kamera, na alikuwa ametumwa na nani? Waumbuji wa Kirusi, na hasa Viktor Shklovsky katika insha yake ya mwaka wa 1917, walidai kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni ili kipate kutazamwa upya. Picha mashuhuri ni kitu kilichozoeleka kupita kiasi. Kadibodi na gundi huirudishia ugeni wake.

Umaarufu na Upotevu wa Majina

Kuna ukweli mwingine unaofichuliwa na wanasesere, nao ni mchungu. Kijisanamu hakina jina. Uso wa kile cha mwaka wa 1978 ni madoa mawili ya macho na tabasamu moja, na vyote vilifanana. Mtu anaweza kulalamika kwamba kumwakilisha binadamu kwa uso wa namna hiyo ni kumvunjia heshima. Lakini je, umaarufu wa picha haukuwa umekwisha kufanya hivyo kabla ya plastiki?

Ichukuliwe tena picha ya Iwo Jima. Ilimpatia Rosenthal tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1945, ikatiwa kwenye stempu, na ikafanywa sanamu kubwa ya shaba karibu na Washington. Hata hivyo, majina ya watu 6 waliomo yalirekebishwa mwaka wa 1947, yakarekebishwa tena mwaka wa 2016 na mwaka wa 2019. Watatu kati yao walikuwa wameuawa kisiwani humo kabla vita havijaisha. Kwa zaidi ya miaka 70, taifa lililoiabudu picha hiyo halikuwa na hakika ya nani hasa walikuwa ndani yake. Wengi wa wajenzi wa New York hawajatambuliwa kwa uhakika hadi leo, na hata aliyewapiga picha anabishaniwa. Mtu wa Beijing, ambaye tarehe 5 Juni 1989 alisimama na mifuko mikononi mbele ya safu ya vifaru, hajatambuliwa, na hatima yake haijulikani. Dunia imeuhifadhi mkao wake na kumpoteza yeye.

Kwa hivyo, mwigaji anapoweka kijisanamu mahali pa mtu huyo, huenda anasema kweli zaidi kuliko anavyokusudia. Anatuonyesha kilichobaki: umbo, mkao na nafasi. Wajibu wa mtazamaji makini ni kuliona pengo hilo na kurejea kumtafuta mtu. Mwigo unaomrejesha mtazamaji kwenye kumbukumbu za kihistoria umefanya kazi njema. Mwigo unaomwacha akitabasamu na kupita umeongeza safu nyingine ya usahaulifu.

Bata wa Mpira na Sungura wa Hadithi

Picha hiyo ya Beijing ina kisa kingine kinachostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa fasihi simulizi. Nchini Uchina, picha ya mtu mbele ya vifaru huzuiwa na wadhibiti wa mtandao. Mnamo Mei 2013, bata mkubwa wa mpira aliyebuniwa na msanii Mholanzi Florentijn Hofman alielea katika bandari ya Hong Kong na kuwavutia watu wengi. Ilipofika kumbukumbu ya matukio ya Juni mwaka huo, mtandaoni ikasambaa picha ileile ya mwaka wa 1989, ila mahali pa vifaru palikuwa na bata wakubwa wa manjano. Wadhibiti hawakuipuuza. Waliuzuia hata msemo wa Kichina unaomaanisha bata mkubwa wa manjano usitafutwe kwenye mtandao wa Weibo.

Inafaa kutua hapa na kutafakari. Serikali yenye jeshi kubwa iliogopa kitu cha kuchezea mtoto anapooga. Sababu yake haiko mbali. Mchezo ulikuwa umeisogeza kamera: uliibeba maana ya picha iliyokatazwa na kuipitisha mlangoni ikiwa imevaa vazi la utoto. Mbinu hiyo si ngeni kwa msimulizi wa Kiafrika. Sungura anayemcheza shere simba au fisi, kobe anayewashinda wenye mbio, wote ni vijumbe vya maneno ambayo mnyonge hawezi kumwambia mwenye nguvu ana kwa ana. Mfalme akikasirika, msimulizi husema kuwa hicho ni kisa cha watoto tu. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua.

Kutokana na mfano huu, inadhihirika kwamba wanaoudharau mchezo hawajaielewa historia yake. Udogo wa mwanasesere unaweza kuwa ngao. Kicheko kinaweza kuwa mlango wa kuingilia pale ambapo hasira imefungiwa nje.

Mipaka ya Plastiki

Yote yaliyosemwa hayafuti malalamiko ya upande wa pili. Zipo picha ambazo plastiki haiziwezi, na mhakiki mwaminifu hana budi kuzitaja.

Tarehe 16 Juni 1976, mpigapicha Sam Nzima alimnasa kijana Mbuyisa Makhubo akikimbia katika barabara ya Soweto akiwa amembeba Hector Pieterson, mtoto aliyepigwa risasi na polisi, huku dada yake Hector akikimbia kando yao, mkono umeinuliwa na kinywa kimefunguka kwa kilio. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima na kuufunua ukatili wa utawala wa ubaguzi wa rangi. Chukulia kwamba mtu angeiiga kwa vijisanamu vya mwaka wa 1978. Nyuso zote tatu zingekuwa zinatabasamu. Vilevile zingekuwa za manjano, rangi ambayo kampuni ya LEGO iliitumia kwa vijisanamu vyote hadi mwaka wa 2003 kwa dhana kwamba si rangi ya watu wa taifa lolote. Lakini mtoto wa Soweto alipigwa risasi katika nchi ambamo rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua mtu aishi wapi, asome nini na afe vipi. Kumpa rangi isiyo ya mtu yeyote ni kumwondolea sababu ya kufa kwake. Hapa rangi isiyoegemea upande wowote imekwisha kuegemea.

Isitoshe, picha hii haijapoteza majina. Hector ana kaburi, ana jumba la makumbusho lililofunguliwa Soweto mwaka wa 2002, na ana ndugu waliomlilia. Makhubo alikimbilia uhamishoni na hatima yake haijulikani, lakini jamaa zake wanamkumbuka kwa jina. Mwigo wa plastiki ungekuwa unakwenda kinyume na kazi ambayo jamii imeifanya kwa miaka mingi ya kumrejesha mtu ndani ya picha.

Je, hii ina maana kwamba mateso hayagusiki kabisa kwa vitu vya kuchezea? La. Mwaka wa 1996, msanii wa Poland, Zbigniew Libera, aliunda masanduku 7 yanayofanana na yale ya dukani, ambayo ndani yake mlikuwa na kambi ya mauaji ya Kinazi iliyojengwa kwa vipande vya LEGO. Kampuni yenyewe ililalamika, na watu wengi walichukizwa. Lakini Libera hakuiiga picha ya maiti yeyote. Aliisogeza kamera kutoka kwa walioteswa na kuielekeza kwenye sanduku: kwenye wazo kwamba kambi ilikuwa mradi uliobuniwa, uliochorwa na kujengwa kipande kwa kipande na watu wenye akili timamu, na kwamba mtoto anayefundishwa kufuata maelekezo bila kuuliza anaweza kujenga chochote. Levinthal naye, katika kitabu alichokitoa pamoja na Garry Trudeau mwaka wa 1977 kuhusu uvamizi wa Wajerumani dhidi ya Usovieti, aliwapiga wanajeshi wake wa plastiki kwa ukungu wa makusudi, hata mtazamaji asiweze kuamua mara moja kama anatazama vita au meza. Wasiwasi huo ndio uliokuwa lengo. Unamkumbusha kizazi ambacho hakikuviona vita hivyo kwamba kimevijua kwa picha tu.

Kipimo, basi, ni kilekile. Kadiri picha inavyobeba maumivu ya mtu anayejulikana, ndivyo mwigaji anavyopaswa kuwa na sababu nzito zaidi ya kuigusa, na ndivyo inavyomlazimu kuisogeza kamera. Akiiga tu ili kuonyesha kwamba anaweza, amekigeuza kilio cha mtu kuwa pambo la rafu.

Funzo kwa Fasihi ya Kiswahili

Huenda msomaji akauliza mambo haya ya boriti za New York na kadibodi za Uswisi yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya. Yanamhusu kwa sababu naye amerithi picha ambazo kamera yake ilitegwa na mtu mwingine.

Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Picha yake inayofahamika zaidi inamwonyesha akiwa amelazwa, pingu mikononi, huku kamera ikimtazama kutoka juu. Serikali ya kikoloni iliitumia picha hiyo kutangaza ushindi wake. Pembe ya kamera yenyewe ni hukumu: mtazamaji hana njia ila kumwangalia Kimathi kwa macho ya waliosimama juu yake. Anayeichora upya picha hiyo, au kuichonga, au kuiunda kwa udongo au plastiki bila kuibadilisha, hata kama anampenda Kimathi kwa moyo wake wote, anasimama palepale aliposimama mkoloni.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo hawakusimama hapo. Tamthilia yao ya mwaka wa 1976, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mzalendo Kimathi, ilimchukua mfungwa huyohuyo na minyororo yake, lakini ikamsimamisha kizimbani, ikamzungushia mwanamke, mvulana na msichana ambao picha ya mkoloni haikuwa na nafasi yao, na ikamweka mtazamaji upande wa walio ukumbini wakisubiri hukumu. Sanamu ya shaba iliyozinduliwa jijini Nairobi mwaka wa 2007 nayo inamwonyesha akiwa amesimama, bunduki mkononi, na sasa mpita njia ndiye anayeinua macho kumtazama. Wapo waliowalaumu waandishi hao kwa kutofuata historia neno kwa neno. Lawama hiyo inasahau kwamba picha waliyorithi haikuwa historia isiyo na upande. Kamera ilikuwa imekwisha kuegemea, wao waliisogeza.

Hivyo ndivyo Cortis na Sonderegger wanavyofanya kwa gundi yao, na ndivyo yule asiyejulikana aliyeweka bata mahali pa vifaru alivyofanya. Zana zinatofautiana, lakini kitendo ni kimoja.

Hitimisho

Uigaji wa picha mashuhuri kwa wanasesere unastahili kuingizwa katika mijadala ya uhakiki katika vyuo vyetu vikuu, na si kuachiwa kurasa za burudani. Unatoa mifano iliyo wazi ya dhana ambazo wanafunzi hukariri bila kuziona: mwigo, mwingilianomatini, kejeli, mtazamo wa msimulizi. Mhadhiri anaweza kuweka mezani picha ya Iwo Jima na mwigo wake, kisha akawauliza wanafunzi goti limekwenda wapi. Swali dogo kama hilo linaweza kufungua mlango ambao mihadhara mingi imeshindwa kuufungua.

Muhimu zaidi, uigaji huu unakumbusha kwamba kila picha, sawa na kila hadithi, ina mahali iliposimuliwa. Mtoto anapocheza na wanasesere wake sakafuni, huwazunguka, huwatazama kwa nyuma, hulala kifudifudi ili kuwa sawa nao kwa kimo. Haridhiki na upande mmoja. Mhakiki wa fasihi na mtazamaji wa picha za kihistoria wana la kujifunza kwake. Kabla ya kuiamini picha, na kabla ya kuicheka, sharti kwanza mtu aizunguke.